Fomu Tatu

Juni, Uyole. Ukungu umelalia mashamba ya viazi
kama mgonjwa aliyekataa kuamshwa.
Nimetoka zamu ya usiku, vidole vimekufa ganzi.
Natandaza fomu tatu mezani, nazikandamiza
kwa kikombe, kwa funguo, kwa kiazi kibichi,
maana dirisha hili halijawahi kufunga sawasawa.

Shahada ya uzamili, ushauri nasaha.
Ya kwanza ni ya pwani: jengo la vioo, wanafunzi wanacheka pichani,
na ada ambayo nikiigeuza magunia
ni shamba zima la mama, misimu mitatu, bila kula.
Ya pili ni ya mtandaoni. Utasoma ukiwa nyumbani, wanasema.
Hawajauliza kama nyumbani kuna umeme.
Ya tatu ni ya Iringa, karatasi rangi ya maziwa,
mhuri umekaa upande.

Lusajo, mume wangu, ana kikokotoo.
"Miaka miwili," anasema. "Halafu nani atakuajiri
ukae kwenye kiti usikilize?"
Namenya kiazi. Swali si baya,
hata mimi nimewahi kuliuliza
bafuni, bomba likiwa wazi.

Kila fomu imeacha mistari kumi:
Eleza kwa nini unataka kusomea fani hii.
Naandika "kuisaidia jamii," nafuta.
Naandika "wito," nafuta,
karatasi inaanza kuota manyoya.

Ningeandika habari za Ambokile
(jina si lake, hilo nalijua hata kabla ya kufundishwa),
dereva wa lori, Tunduma kwenda na kurudi.
Alikuja mara nne, moyo ukimwenda mbio.
Presha tulipima, malaria, sukari. Majibu yote safi.
Mara ya nne akasema, akivitazama viatu vyake:
"Sista, humu kichwani kuna mtu anaendesha usiku kucha,
na hataki kusimama."
Foleni ilikuwa imefika getini.
Nikampa Panadol sita: viwili, kutwa mara tatu.
"Ndaga," akasema, akavifunga kwenye leso
taratibu, fundo juu ya fundo,
kama mtu aliyepewa kitu.

Hakurudi.
Wapo wanaosema alihamia Ndola.
Wapo wasiosema; wanautazama mlima.

Hayo hayaenei katika mistari kumi.

Saa nne nikatoka uani na simu,
nikapanda juu ya tofali, ndipo mtandao unaposhika,
nikawapigia wote watatu, swali moja:
Mwanafunzi akishayabeba ya watu, anakwenda kuyatua wapi?

Pwani wakanihamishia kwa mhasibu.
Wa mtandaoni, sauti ya mashine: bonyeza moja, bonyeza mbili,
bonyeza nyota kurudi mwanzo.
Iringa akapokea mama mmoja, Mama Kihwele.
Hakujibu.
Nikadhani salio limekata. Nikasikia kwa mbali
mtu anafagia, kuku, mlango.
Kisha akauliza:
"Wewe umebeba ya nani?"

Nikashuka, nikalikalia lile tofali.
Salio likakata kweli. Akapiga yeye.

Ada si ndogo, aliniambia mwenyewe.
Darasa moja halina vioo viwili na upepo wa kule si wa kuchezea.
Vitendo ni mwaka mzima, wodini na mashuleni.
Na kila Ijumaa, saa moja, unakuja kwake unakaa,
unatua, hata kama ni kulia tu, na hakuna alama za hilo.

Lusajo bado hajakubali.
Ila kikokotoo amekirudisha mfukoni, anachochea mkaa,
na ameuliza basi la Iringa linaondoka saa ngapi.

Fomu ya maziwa ina alama ya duara pale kiazi kilipokaa.
Nimejaza mistari miwili:

Kuna mtu nilimpa vidonge sita.
Alikuwa ameomba kiti.

Minane iliyobaki nimeiacha hivyo hivyo.